Sufuria la Macho

Siku ile tulikuwa watu sita kwenye sebule ya nyumba ya kambi, Ilomba. Alikuwepo mwenyekiti wa timu, amekalia kochi pekee lililokuwa bado na mito. Mweka hazina wake, mwalimu mstaafu, alikaa ubavuni kwake na begi la kompyuta mapajani ingawa hakulifungua hata mara moja. Alikuwepo mzee anayeniuzia mchele, mwenye duka la jumla Mwanjelwa, bakora yake imesimama katikati ya magoti. Mtunza vifaa, mtu mzima wa Tukuyu, alisimama mlangoni. Alikuwa analala humo humo pamoja na mipira na jezi kwa sababu timu haikuwa imemlipa hata kodi ya chumba. Alikuwepo mdogo wangu, golikipa. Na mimi, niliyekuwa nawapikia.

Juu ya meza ya kioo palikuwa na karatasi moja na kalamu. Karatasi ilisema kwamba mdogo wangu amelipwa mishahara yake yote na haidai timu chochote. Hakuwa amelipwa. Alikuwa anadai miezi mitano.

Mwenyekiti alitueleza shida yake bila kuzunguka. Msimu mpya ulikuwa unakaribia, na timu yenye madeni ya wachezaji haipewi leseni ya kucheza ligi. Wachezaji wengine walikuwa wameshasaini, huyu kwa kulipwa nusu, yule kwa ahadi. Alibaki mdogo wangu. Akisaini, deni langu la chakula nitalipwa siku hiyo hiyo, taslimu. Pesa zilikuwa kwenye gari nje. Asiposaini, nisubiri foleni pamoja na wadai wengine, na deni la mama wa chakula halimzuii mtu kupata leseni.

Mdogo wangu naye alikuwa na sababu ya kutosaini. Mchezaji akikaa miezi bila mshahara anaweza kudai mkataba uvunjwe aondoke huru. Kulikuwa na timu ya Iringa iliyopanda daraja iliyomtaka, lakini haikuwa na pesa ya kumnunua. Walimwambia aje akiwa huru, na kama haji kabla usajili haujafungwa watatafuta golikipa mwingine. Akisaini kwamba amelipwa, dai lake linakufa, na anabaki na miaka miwili zaidi kwenye timu ambayo hailipi.

Hiyo ndiyo biashara tuliyowekewa mezani.

Sisi ni wa Ipogolo, pale chini kabla barabara haijapandisha Iringa mjini. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa kidato cha pili, yeye alikuwa bado anavaa kaptula ya shule ya msingi. Nikaacha shule nikashika ndoo ya mama ya nyanya na vitunguu, tukawa tunauzia abiria wa mabasi. Abiria wana tabia ya kungoja basi lianze kuondoka ndipo watupe pesa dirishani. Yeye ndiye aliyekuwa anazidaka. Wenzetu walikuwa wanacheka, wanasema huyu mtoto hadondoshi hata shilingi mia. Sikujua kama kudaka nako ni kazi ya watu. Baadaye shangazi alituita Mbeya, nikafungua banda la chakula Ilomba, na yeye akaanza kudaka mipira kwenye uwanja wa shule ya jirani, halafu timu ya vijana, halafu timu kubwa.

Kocha wa wakati ule alikuwa mteja wangu. Ndiye aliyemleta mwenyekiti bandani. Mwenyekiti akala wali na maharage na mboga ya majani, akafuta mdomo, akaniuliza kama naweza kulisha wanaume wazima ishirini na kitu mara tatu kwa siku. Nilimwambia naweza. Wakati huo timu ilikuwa na mdhamini, jina la kampuni limeandikwa kifuani kwa herufi kubwa kuliko jina la timu, na nilikuwa nalipwa kila mwisho wa mwezi. Nikanunua mtungi mkubwa wa gesi na masufuria mawili ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Wachezaji wakaniita Mama Kambi.

Matumizi ya timu niliyaona kutokea jikoni. Niliona likiletwa kochi jipya wiki ambayo vijana walikuwa wanachangia ndala za kuogea. Waliletewa mshambuliaji kutoka Afrika Magharibi, akapangiwa nyumba peke yake, na humo ndani wakafunga kiyoyozi. Kiyoyozi, Mbeya, mahali ambapo mwezi wa saba tunalala na mablanketi mawili na soksi. Alikuwa kijana mpole. Aliniambia usiku anakifunika kwa shuka kwa sababu kukiangalia tu kunamtia baridi. Mabao aliyofunga sitayataja, nisije nikamwaibisha alipo.

Waliwahi kuifunga timu moja kubwa, na jioni ile akaja mheshimiwa fulani na bahasha, akagawa noti pale pale kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, watu wanapiga picha. Mdogo wangu alirudi na noti zile akanipa nusu. Wiki iliyofuata alinikopa nauli ya kwenda kumzika baba wa mchezaji mwenzake, kwa sababu mshahara haukuwa umetoka. Nikamuuliza, kwani yule mheshimiwa hawezi kutoa mishahara? Akacheka. Alisema mshahara haupigwi picha.

Halafu mdhamini akaondoka katikati ya msimu. Sikuambiwa sababu. Nilijua siku nilipoona mtunza vifaa amekaa uani na wembe, anabandua yale maandishi kwenye jezi moja moja.

Ilipofika hapo ndipo nilipokwenda kwa mzee wa mchele. Kwetu sisi wafanyabiashara wadogo kuna kitu kinaitwa mali kauli. Unachukua mzigo bila kulipa, unakwenda kuuza, ukishauza unarudisha pesa ya mwenye mali na faida inabaki yako. Hakuna karatasi wala dhamana, kuna neno lako tu, na ukilivunja mara moja soko zima linajua kabla hujafika nyumbani. Yule mzee, ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani na kufungua duka la kwanza la familia yao, alikuwa amenipa mali kauli tangu siku zangu za banda. Mchele wake anautoa Ubaruku, wilayani Mbarali, kwa wakulima anaowajua, na wao pia huwa anawalipa baadaye kidogo. Kwa hiyo kauli yangu ilikuwa imesimama juu ya kauli yake, na ya kwake juu ya watu walioinama mashambani Mbarali.

Aliniuliza mchele unakwenda wapi. Nikamwambia unakwenda kwa timu. Alimtazama mdogo wangu aliyekuja kunisaidia kubeba, akawaambia wapagazi wapakie.

Mali kauli imetengenezwa kwa ajili ya bidhaa inayouzwa leo ikalipwa leo. Mimi niliichukua kulishia watu wanaolipa wakishinda.

Na hawakuwa wanashinda. Timu ikianza kufungwa, kuna kamati inayopata nguvu kuliko kocha. Wanaiita kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe kila mtu anaujua na hakuna anayeutaja. Nilikuwa naambiwa hakuna pesa ya mafuta ya kula, lakini mzee mmoja kutoka mbali alikuwa anafikishwa kwa gari la kukodi, analala hoteli, anarudishwa. Huyo ndiye aliyesema chakula cha kambi kinachezewa. Kwamba wapinzani wana mtu wao, anapita jikoni, anatia kitu, na vijana wanaingia uwanjani miguu mizito.

Ndipo likaanzishwa sufuria la macho. Kila mechi kubwa ilinibidi nipike mara mbili. Sufuria moja napikia pale kambini, kweupe, kila mpita njia aone mvuke na asikie harufu. Hilo halikuliwa na mtu. Lingine napikia nyumbani kwangu, mlango umefungwa, kisha linapelekwa ndani ya gari limefunikwa kwa jezi za mazoezi, na wachezaji wanakula mahali ambapo hata mimi sikuambiwa. Adui atatia sumu yake kwenye sufuria la macho, walisema, atabaki anasubiri.

Nilimuuliza mwenyekiti nani atalipia sufuria la pili. Alisema, "Wewe pika, Mama Kambi. Tukishinda utasahau hata kuuliza."

Ule wali ulioshinda juani, kamati ilikataza kumpa mtu, hata mbwa. Ulifukiwa. Mtunza vifaa ndiye aliyepewa jembe. Mtu ambaye hajawahi kulala njaa anaweza kuangalia mchele wa Ubaruku ukifunikwa na udongo akaendelea na shughuli zake. Mimi nilikuwa naingia ndani na kuosha vyombo ambavyo nilikwishaviosha.

Tumaini langu lilikuwa mechi ya timu kubwa kutoka Dar. Mweka hazina aliniapia: uwanja utajaa, na mapato ya mlangoni yatakata deni lako lote. Kweli uwanja ulijaa. Watu walikaa juu ya paa za nyumba za jirani na juu ya miti. Mji mzima ulivaa rangi za wageni, maana hata hapa Mbeya wengi ni mashabiki wa Dar kwanza, wa nyumbani baadaye. Kesho yake mweka hazina alinieleza kwa upole wa mwalimu: hapo kuna kodi, kuna asilimia ya uwanja, ya shirikisho, ya bodi, ya chama cha mkoa, ya waamuzi, ya ulinzi, na kuna watu wengi walioingia bila tiketi kwa sababu kila aliyekuwa getini alikuwa na ndugu. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Na hicho kidogo kamati ilikuwa imeshakichukua, kwa ajili ya mechi inayofuata.

Mechi hiyo nayo tulifungwa. Masufuria yalikuwa mawili.

Kwa hiyo, siku ile sebuleni, mweka hazina alianza kwa kujaribu kupunguza deni. Alisema hesabu yangu ina mchele mwingi mno. Watu ishirini na kitu, alisema, hawawezi kumaliza kiasi hicho, labda kama wana matumbo mawili mawili. Nikamkumbusha sufuria la macho. Akasema hilo timu haikulila.

Mtunza vifaa akasema kutoka mlangoni, "Haikulila, kweli, mwalimu. Nimelifukia mimi, pale nyuma ya choo. Twende nikakuonyeshe, panaota majani mazuri."

Mwenyekiti akacheka, akamwambia mweka hazina aache, deni lote litalipwa kama lilivyo. Alikuwa na haraka. Akamgeukia mzee wa mchele. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alimwita. Mimi nilidhani mzee amekuja kuchukua chake. Kumbe aliletwa aniangalie machoni mbele ya mdogo wangu.

"Mzee wangu," alisema, "wewe ni mtu wa dini. Hebu muelimishe binti yetu, deni ni kitu gani."

Mzee alikuwa anahitaji pesa ile. Nilijua wakulima wake walikuwa wameanza kumpigia simu, maji ya mifereji yameshafunguliwa na wanataka kuandaa majaruba.

"Deni ni deni," alisema. "Ila mimi sikudai wewe, mwenyekiti, wala timu yako. Namdai huyu. Mchele nilimpa yeye kwa kauli yake."

Sikujua kama amenisaidia au amenimaliza. Mwenyekiti aliona amenimaliza. Alisogeza karatasi kuelekea kwa mdogo wangu kwa kidole kimoja.

Nilimuuliza kama pesa kweli zipo kwenye gari. Alisema zipo. Nikamuuliza kwa nini basi asimlipe kijana mishahara yake, ili akisaini asaini jambo la kweli.

"Hazitoshi nyie wawili," alisema.

Nikahesabu kichwani. Deni langu na mishahara yake havikuwa mbali sana. Mtu anakuja na pesa ya mmoja, anamlipa dada, mdogo anafuta lake. Yaani ningelipwa kwa jasho la mdogo wangu, halafu nitoke nje nikimshukuru mwenyekiti. Na juu yake kijana abaki amefungwa miaka miwili, apikiwe sufuria moja la kula na lingine la kuangaliwa.

Lakini mdogo wangu alikuwa ameshachukua kalamu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya penalti inapopigwa, hamwangalii mpigaji, anaangalia mpira tu.

"Dada, niache nisaini," alisema. "Huo mchele na mimi nimekula."

"Weka kalamu."

"Utalipa na nini? Banda lenyewe umelifunga kwa ajili yetu."

"Muache, mama," mwenyekiti akasema. "Ni mwanaume mzima. Umemlea vya kutosha."

Nilimsemesha mdogo wangu kwa Kihehe. Tulikuwa hatujakisema mbele za watu tangu tuhamie Mbeya, kwa sababu vijana wa huku walimcheka alipokuwa mdogo, wakimuuliza kama ni kweli Wahehe wanakula mbwa. Nilimwambia mchele ule niliuomba mimi kwa mdomo wangu na nitaulipa mimi. Nilimwambia sikuacha shule ili siku moja awekwe mezani pamoja na magunia. Aende Iringa akadake. Nilisema polepole, na mwenyekiti alikuwa anatutazama huku na huku, anauliza tunasema nini.

Mdogo wangu aliweka kalamu chini. Aliinuka akatoka kwa mlango wa uani, akiwa na macho mekundu, na nilisikia bomba likifunguliwa.

Mwenyekiti alichukua karatasi yake bila kuikunja. Alituambia tutakuja kujuta, kwamba mpira una njia zake na mji huu ni mdogo. Mweka hazina alipopita karibu yangu alinong'ona kwamba ningechukua tu, kwamba yeye mwenyewe anaidai timu na hajui atamwambia nini mke wake. Gari likaondoka. Kama pesa zilikuwemo au hazikuwemo, sijui mpaka leo.

Mzee wa mchele alibaki amekaa. Nilipiga magoti mbele yake kama tunavyowasalimia wakubwa kwetu, nikamweleza kwa Kiswahili kile nilichomwambia mdogo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kuanzia leo utanunua kwangu kwa pesa mkononi," alisema. "Mali kauli basi. Hili la zamani nitakuhesabia kwa bei ile ile, hata mchele ukipanda. Lete unachopata. Na ukiniona barabarani usijifiche, mwanangu, mimi sina mbio za kukufukuza."

Kisha akanyanyuka kwa bakora yake, akaenda zake kuongea na watu wa Ubaruku. Sijui aliwaambia nini. Najua mwaka ule aliuza pikipiki yake ya miguu mitatu.

Mdogo wangu hakuwahi usajili. Dai lake lilichukua muda mrefu. Barua zilikwenda Dar, zikarudi kuulizia barua nyingine. Nusu msimu mzima alikaa bila kucheza, asubuhi anakimbia peke yake kuelekea Uyole na kurudi, mchana ananisaidia kukata vitunguu bandani, nililokuwa nimelifungua tena. Wateja walimtania kwamba amehama kutoka kudaka mipira kuja kudaka sahani. Kuna siku alikata vitunguu bila kunisemesha toka asubuhi hadi jioni, na sikumlazimisha. Nilikuwa nimemkatalia njia moja na nyingine haikuwa imefunguka.

Ilipofunguka, ile timu ya Iringa ilikuwa bado inahitaji golikipa, aliyekuwepo ameumia bega. Nilimsindikiza. Tulishuka Ipogolo, tukasalimia makaburi, tukanywa chai kwa mama mmoja aliyetukumbuka, akitusalimia kwa Kihehe, "kamwene, kamwene," huku akimpima mdogo wangu kwa macho kutoka chini mpaka juu. Halafu mdogo wangu akapandisha mjini na begi lake.

Miezi miwili ya kwanza alilipwa. Wa tatu ulichelewa. Aliponipigia, nilimuuliza nani anawapikia. Alisema ni mama mmoja wa Kihesa, ana watoto wanne, na mchele anauchukua dukani kwa kauli. Nikamwambia aongee naye. Akasema ameshaongea. Yule mama alimcheka, akamwambia viongozi wa hapa ni waungwana, ni watu wa kanisani, siyo kama wale wa Mbeya.

Sufuria moja nimeliuza. Lingine nalitumia kwa shughuli za misiba, ambako watu hulipa kabla ya mazishi. Mdogo wangu hutuma kitu timu ikimpa, na timu ikikaa kimya naye hukaa kimya, na mimi sipigi simu kuuliza. Ijumaa mzee akitoka msikitini nakwenda dukani kwake Mwanjelwa. Anahesabu, anaweka kwenye droo, ananiambia palipobaki, kisha ananiuliza Iringa wamecheza na nani.

Mwezi huu mvua zimenikatia wateja, nimepeleka bei ya nusu gunia. Yamebaki magunia matatu na nusu.